Kemia Niliyoimimina Kwenye Chai

Mwaka 1996 niliwanywesha wageni wangu kemia, wakaomba kuongezewa.

Msinicheke. Ni hapa hapa kwangu Igogo, na hakuna aliyeumwa hata tumbo.

Mjukuu wangu Evelina alikuwa amempata mchumba, Projest, Mhaya mpole aliyekuwa akisomea kemia Ujerumani, siku hizo yuko nyumbani likizo. Baba yake Evelina, mwanangu Mayala, mchuuzi wa samaki pale soko la Mwaloni, hakumtaka.

"Mama, yule ni tapeli. Nimemuuliza kazi, ati anatengeneza dawa za kulia na za kushoto! Dawa ni kiatu?"

Biashara huria ilikuwa imeingia, maduka ya dawa yameota kila kona, na feki kibao. Mayala alikuwa ameshauziwa feki mara mbili. Akatoa sharti: Jumapili kijana alete ushahidi. Akidanganya, hakuna ndoa.

Jumapili Projest akafika na vichupa viwili, vidogo kama vya sindano.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Nieleweshe mimi kwanza, kabla simba hajaingia."

Akaninyooshea viganja. "Vinafanana, bibi, ila glavu ya huku haiingii huku. Molekuli nazo zina mikono. Ya mkono mmoja inaponya, ya mkono wa pili inaweza kudhuru. Ukipika kawaida zinatoka nusu kwa nusu. Sisi tunatia kitu kidogo, si madini, ni cha jamii ya protini. Kinaishika molekuli inapoundwa, kinaielekeza upande mmoja, kinaiachia, kinashika nyingine."

"Kama mama anayewavisha watoto viatu."

"Bibi, ungekuwa profesa wangu!"

Akaninusisha. Kichupa kimoja mnanaa, cha pili viungo vya pilau. Molekuli ile ile, mikono tofauti. Ya mnanaa, akasema, hutiwa hata kwenye pipi.

Hapo shetani akanipitia. Projest alipotoka kumpokea Mayala, nikataka kutia tone moja la mnanaa kwenye chupa ya chai, wageni wafurahi.

Kichupa kikaniteleza. Yote ikaingia.

Haraka nikagawa ile ya pilau kwenye vichupa vyote viwili, nikafunga, nikakaa kama mtakatifu.

Mayala akanywa chai, akaisifu, akaomba tena. Kisha akanusa kichupa cha kwanza. Cha pili.

"Pilau. Na hii pilau! Kijana, umeniona fala?"

Evelina, aliyekuwa ametugawia chai, akaanza kulia.

Projest akainua kikombe chake. Akanusa. Akanitazama.

Nikajua amejua.

"Baba, kosa ni langu. Nimefungasha vibaya. Nisamehe."

"Nenda zako. Hakuna ndoa."

Akainuka kweli! Mlangoni akageuka: "Asante kwa chai, bibi."

Asante ile ilinichoma kuliko tusi.

"Mayala, kaa chini! Ushahidi wako uko tumboni mwako!"

Nikakiri yote. Mayala akanusa kikombe, akanusa kichupa. Kikombe. Kichupa. Macho yakamtoka.

"We kijana, kwa nini hukusema?"

"Mimi nikiitwa mwongo nitazoea, baba. Bibi kuaibika nyumbani kwake, hapana."

Mayala akaweka kikombe chini.

"Evelina, futa machozi, mrudishe mwenzio akae. Mahari tutazungumza. Ila siku ya harusi, chai apike mtu mwingine!"

Wanangu, msifungue vichupa vya watu. Na mkimwona mtu anakubali kuitwa tapeli ili kikongwe asiaibike, na binti anampenda, acheni kumnusanusa. Mpeni mke.