Pete za Galaksi Nilizozishona kwa Macho

Siku ya kwanza kazini niliambiwa nivue kofia, nikae mbele ya kompyuta. Mimi, niliyeishia darasa la nne, mshona nyavu za wavuvi kijijini Ilagala! Mradi wa kuchunguza anga ulikuwa umepanga nyumba mtaani Kasingirima, unatafuta watu wenye jicho kali wa kuainisha picha za galaksi. Wenye shahada walikuja wengi. Kwenye jaribio la kutambua vitu hafifu niliwashinda karibu wote. Sikubebwa na mtu.

Galaksi ni kusanyiko la nyota zisizohesabika. Zile zetu zilikuwa na mikono ya nyota iliyojipinda, na baadhi zilikuwa na pete: duara la buluu ambamo gesi imejikusanya na nyota zinazaliwa. Pete ikifunga kabisa, unaandika herufi r. Mikono ikikaribiana bila kukutana, hiyo ni pete ya uongo, unaandika rs. Pasipo pete, s. Kila picha hutazamwa na watu wawili, kila mmoja kivyake. Wakipatana, inaingia kwenye orodha kuu inayotegemewa na wanaastronomia wa nchi nyingi.

Mwenzangu alikuwa Zawadi, binti wa kijiji cha Mwamgongo aliyemaliza chuo kikuu. Hatukupatana. Nikiandika r, yeye rs.

"Babu, hizo pete unaziona wapi?"

"Wewe vitabu vimekula macho."

Mkuu wa Kituo, mama aliyehamishwa kutoka Mbeya, hakuwa na maneno mengi. Alituita sote wawili.

"Mmoja wenu anaharibu orodha. Kwenye jaribio mzee alikupita mbali, Zawadi. Ijumaa utakabidhi kazi."

Binti hakubisha. Mimi nikasema moyoni: amejitakia.

Kesho yake nikamwita nimwonyeshe makosa yake, aondoke akiyajua. Nikaweka kidole juu ya kioo, nikaifuata pete taratibu. Kidole kikafika gizani. Nikakuza picha: mikono miwili imepishana, haikugusana popote. Nikafungua nyingine. Pengo. Ya tatu, pengo.

Miaka thelathini nimeziba matundu. Jicho la mshona nyavu huliziba tundu kabla mkono haujashika sindano. Kumbe nilikuwa nazishona galaksi za Mungu!

"Vipi babu, makosa yangu yako wapi?"

Ningeweza kuizima ile kompyuta. Nikaenda ofisini.

"Mkuu, anayeharibu ni mimi. Nimezifuata pete zangu kwa kidole, zina mapengo. Binti abaki."

"Na wewe je?"

"Utakavyoamua."

Akanisukumia orodha yangu. "Utazirudia zote, kwa kidole. Zawadi atakusimamia."

"Haya babu," Zawadi, aliyekuwa amenifuata, akacheka mlangoni, "lete hicho kidole."

Nikazirudia wiki nyingi. Asubuhi moja kidole kikapita juu ya vifundo vya buluu, kila kifundo maelfu ya nyota changa, kikazunguka kikarudi kilipoanzia. Giza hakuna. Nikazunguka tena. Hakuna. Nikajikuta nimesimama wima kama niko mbele ya mkwe. Zawadi akafungua karatasi yake ya picha ileile: r.

"Hii imefunga kweli, babu," akasema polepole.

Nimestaafu sasa. Vijana wakiniuliza kazi ile ilikuwa nini, nawaambia: kuandika kilichopo, basi. Ni kazi ngumu kuliko kushona. Mwanga wa pete ile ulianza safari kabla hapajakuwa na binadamu wa kuutazama. Ulipofika Kasingirima, nisingethubutu kuuongezea hata nyota moja.