Kuhama Likasi kumfuata Profesa

Niliondoka Likasi kwa sababu ya somo moja: mekanika. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi, mwaka wa tatu, na somo hilo lilikuwa kwenye ratiba tu. Profesa wake aliishi Lubumbashi. Tulimngoja tangu Oktoba hadi Juni bila hata kuijua sura yake. Baadhi ya walimu wetu walikuwa wamepanda treni pamoja na majirani zetu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa mkoani kwetu. Waliobaki walilima mihogo nyuma ya maabara. Umeme wa bwawa la Koni ulipita juu ya vichwa vyetu ukienda kwa wengine, nasi wahandisi wa kesho tukasoma kwa mwanga wa dirisha lisilo na kioo. Bila alama ya mekanika, hakuna mwaka wa nne. Nikaamua kuhamia chuo kimoja cha Lubumbashi, huko huko alikokuwa profesa.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, mtaani kwetu Panda. Mama alinifungia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya mihogo. Baba, fundi wa karakana ambayo mashine zake zilikuwa zimenyamaza, alilitazama shati langu jeupe, akijua nitasafiri kwa lori la makaa.

"Unapanda lori ya makala na chemise ya bwana harusi?"

"Minye naenda ku université, papa."

"Utafika mweusi. Batakuandika pamoja na bauzaji ya makala."

Saa nne, njiani kwenda Lubumbashi, kabla ya kufika Kapolowe. Barabara ilikuwa imezibwa na lori la unga lililotoka Lubumbashi na kuzama mchangani. Abiria wa malori yote mawili tulishuka kulisukuma. Mmoja tu hakushuka: bwana mwenye tai nyekundu, ameketi juu ya magunia, amekumbatia mkoba wa ngozi kama mtoto mchanga.

"Weye wa chemise nyeupe! Unasukuma mubaya! Inama, nguvu itoke mu miguu!"

"Vieux, shuka basi, lori itakuwa nyepesi," nilimwambia mzee huyo.

"Minye niko uzito ya maana," alijibu, na watu wakacheka hata wakaishiwa nguvu.

Tulisukuma tena. Lori lilichomoka, likaelekea Likasi, likatuachia vumbi. Yule bwana alitupungia mkono kama gavana.

Jumanne asubuhi, Lubumbashi. Nilikuwa nimelala kwa shangazi, ambaye alilifua shati mara mbili na kushindwa. Ofisini nilimkuta karani, Mama Béa, anamenya karanga juu ya mafaili.

"Mama, nimekuja kuomba kuhamia hapa."

"Fasi iko. Leta maksi ya mekanika."

"Sina. Profesa hajafika kwetu mwaka mzima."

Akaacha kumenya. "Shi alikwenda kwenu jana! Leo iko anafundisha somo yote, kesho asubuhi examen."

"Mwaka mzima kwa siku moja?"

"Iko anajua kufupisha." Akatia karanga mdomoni. "Alipanda lori ya unga. Maskini, na ile tai yake nyekundu!"

Niliketi bila kukaribishwa. Mama Béa alinisogezea karanga, akidhani ni njaa.

Siku hiyo nzima nilizunguka kutafuta lori la kurudi. La kwanza kuondoka lilikuwa la Jumatano alfajiri, nalo lilisimama kila kijiji kana kwamba lina ndugu humo.

Jumatano, saa saba mchana, Likasi. Mwenzangu Kabwe alikuwa kwenye ngazi za ukumbi, amevua viatu. Mtihani ulikuwa umekwisha, na profesa alikuwa ameshaondoka.

"Mwaka muzima tunamungoja muntu," alisema Kabwe, "anafika, weye unahama!"

"Aliuliza nini?"

"Lori ya unga imezama mu mchanga. Batu kumi na mbili banasukuma. Tafuta nguvu ya kila muntu." Akalitazama shati langu, akaanza kutabasamu. "Akasema: wa chemise nyeupe musimuhesabu, hakuwa anafanya kazi."

Nilirudia mwaka wa tatu. Wasafiri hurudi na mafunzo mengi. Mimi nilirudi na moja tu: kabla hujalisukuma lori, uliza nani ameketi juu yake. Kuhusu lile swali, profesa alikosea hesabu. Tulikuwa kumi na mbili kamili, mimi nikiwemo. Bega langu la kushoto liliuma wiki nzima, na hakuna chuo kilicholilipa hata maksi moja.