Mama Aliuliza Pesa Ni ya Nani

Mwaka niliotoka katika nyumba ya mume wangu, nilipanga chumba kimoja hapa Garissa, nikaanza kujifunza kupika chakula cha mtu mmoja. Wali ulikuwa ukinizidi kila siku. Kazi yangu ilikuwa maabara, kuangalia damu za watu kwenye darubini, kazi ambayo mtu anaweza kukaa kimya tangu asubuhi mpaka alasiri na asionekane ana neno. Ndugu zangu hawakunifukuza. Waliacha tu kupiga simu. Abti yangu, yaani kaka yake mama, alikuwa ameisuluhisha ndoa ile mara mbili, na nilipoondoka mara ya tatu aliona nimemvunjia heshima mbele ya wazee wenzake.

Katika miezi hiyo, afisa mmoja wa benki alikuja hospitalini kwetu, mwanamke mchangamfu, akizunguka na fomu za kadi za mkopo. Alinieleza habari ya kununua leo na kulipa baadaye, nami nikawa namsikiliza nusunusu. Kisha akasema, "Dada, ukiwa na kadi hii huna haja ya kumwomba mtu yeyote."

Hapo nikainua kichwa.

Mwenzangu wa maabara, mtu wa swala tano, alinionya alipoondoka yule afisa. "Ukilipa kabla ya mwezi kwisha, hakuna riba. Ukichelewa siku moja, umeshaingia ndani yake. Ujipime."

Nilijipima, nikatia sahihi. Kadi ilikuja ndani ya bahasha, imechapwa jina langu na la baba yangu. La babu halikutoshea. Niliiweka sandukuni chini ya nguo, na miezi minne sikununua nayo hata sabuni. Ijumaa jioni, majirani wanapotembeleana na mlango wangu haugongwi, nilikuwa naitoa na kuitazama. Ilinipa aina fulani ya utulivu. Nilijiambia kwamba likinifika jambo, nitalimaliza peke yangu.

Jambo lenyewe likamfika mama. Aliletwa kutoka Tarbaj, upande wa Wajir, na jirani anayeuza mbuzi, akashuka kwenye basi akipapasa mlango, akaniita jina huku akitazama upande mwingine. Daktari wa macho alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kushoto lilikuwa limeharibika zaidi, kwa hiyo apasuliwe Nairobi. Alinitajia gharama. Mshahara wangu haukuifikia hata kwa mbali.

Kwetu mtu akiugua, ukoo huchanga. Tunaita qaaraan. Lakini lazima mmoja aanze kwa kumpigia simu mkubwa wa familia, na mkubwa wetu alikuwa abti. Nilishika simu, nikaiweka chini. Nikamwambia mama, "Hooyo, usijali. Pesa ipo. Kesho kutwa tunasafiri."

Alikuwa ameketi kitandani kwangu, kikombe cha chai kati ya viganja vyake. "Pesa ya nani?"

"Ya benki. Nina kadi. Nitalipa kidogo kidogo."

"Wenyewe ni kina nani?"

"Hooyo, ni benki. Haina mwenyewe unayemjua."

Akapiga funda la chai, nikadhani yamekwisha. Kisha akasema, bila hasira, "Sasa nikipona, nitamwombea dua nani?"

Nilicheka kidogo, kwa sababu sikujua la kufanya na uso wangu, ingawa hakuwa anauona. Akaendelea. "Kaka yangu yuko hai. Watu wangu wako hai. Wewe unanipeleka kama mwanamke asiye na watu."

Nilitoka nje, nikasimama karibu na tangi la maji juani, nikampigia abti. Aliitikia salamu yangu. Nilimweleza habari ya macho ya mama mfululizo, bila kupumua, kana kwamba angekata.

"Tangu lini haoni?" aliuliza.

"Miezi kadhaa."

"Na wewe unanipigia leo."

Akasema, "Sawa," akakata.

Kabla ya siku tatu kwisha pesa ziliingia kwenye simu yangu, kutoka Wajir, kutoka Lafey, kutoka kwa binamu mwenye duka Hagadera. Kila mmoja alituma salamu na dua kwa mama. Mtu mmoja tu, mke wa binamu yangu huko Lafey, ambaye tulionana mara moja harusini, aliongeza, "Na wewe, unakula?" Niliusoma ujumbe huo mara nyingi. Nilimjibu kwamba nakula.

Abti alikuja Nairobi, akakaa kando ya kitanda cha mama siku zote mbili alizolazwa. Aliniambia, "Leta chai," nikaleta. Hatukuzungumza zaidi ya hapo. Bendeji zilipofunguliwa mama alimtazama kwanza kaka yake, akamwambia amezeeka, wakacheka wote wawili. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama mpaka nikainamisha macho.

"Umekonda," alisema.

Nilitumaini atabaki nami Garissa japo mwezi mmoja. Alikaa siku sita. Alisema mbuzi wake wako mikononi mwa watu, na siku ya saba nikampandisha basi la Wajir. Alipanda ngazi peke yake, bila kushikwa mkono.

Wiki iliyofuata nikairudisha kadi benki. Yule afisa alishangaa. "Hujaitumia hata mara moja! Tatizo ni nini?" Akanisogezea fomu yenye nafasi ya kuandika sababu, mstari mmoja mfupi. Nilishika kalamu kwa muda. Nyuma yangu foleni ilikuwa ikisogea, mtu akakohoa. Nikaandika, "Dini." Ilikuwa kweli, ila haikuwa yote. Afisa akaikata kadi kwa mkasi, akanitakia siku njema, nikatoka nikapitia sokoni kununua maziwa ya ngamia, nusu lita.