Kisima cha Uroa Kilichomo Baharini

Kwenye kaunta ya ofisi moja mjini, bibi mkulima wa mwani kutoka Uroa aliomba kisima chao cha zamani kitiwe kwenye ramani, wajukuu wajue pwani ilikuwa wapi.

"Bi mkubwa, hapa ni bahari," karani alimwambia, kidole juu ya karatasi.

"Sasa ndiyo bahari. Mie nimeteka maji hapo kabla sijaolewa."

"Mwaka gani?"

"Mwaka siujui. Njoo mwezi ukitimia, maji yakipwa, nkuoneshe."

Mwezi ulipotimia karani alikwenda Uroa, nami mwenzake wa ofisini nikamfuata. Bibi alihesabu hatua, akafukua mchanga kwa mikono. Yakatokea mawe yaliyopangwa duara, maji yakibubujika katikati. Karani akayaonja.

"Hayana chumvi," alisema.

Akakichora kisima kwenye ramani palepale. Kwenye nafasi ya mwaka akaandika: "Kabla Bibi hajaolewa."