Siku Niliyosema Mama Mukwe Hafanyi Kazi

Kingereza changu ni kizuri, hilo nalisema hata leo bila kuona haya, lakini mbele ya mama mukwe wangu sitafungua tena kinywa kwa lugha hiyo, maana nilimwaibisha (na kujiaibisha mwenyewe) mchana kweupe huku mtaani kwetu Katoyi, watu wote wakisikia.

Mama mukwe ana atelye ya kushona, yeye na wamama wengine kumi na mmoja, na siku hiyo alifika mgeni kutoka Afrika Kusini, mama mnunuzi asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, kuangalia kama atawapa komande, yaani oda, ya mifuko ya kitenge. Eriki, shofa aliyemleta, alisomea Kampala, akanisogelea kwa heshima: "Mwalimu, nitafsiri?" Nikamwambia apumzike. Nafundisha Kingereza miaka sita, halafu shofa atafsiri mbele ya wakwe zangu mimi nikiwa nimekaa?

Mama mukwe akasimama. "Sisi wamama wa hapa tunatumika na nguvu, kila siku."

Rahisi kabisa. Kutumika, yaani kufanya kazi, ni work; kwa nguvu ni hard, na kwa kuwa Kifaransa hupenda kuweka mukia wa -ment, nami nikaweka mukia wa Kingereza, -ly, ili ipendeze: "We hardly work, every day." Mgeni akaacha kuandika daftarini. Nikadhani hakusikia, nikapaza sauti huku nikimwonyesha mama mukwe: "This mother, she hardly works." Mgeni akauliza kwa nini, nami nikajibu (kwa fahari, jamani) kwamba ndiyo tabia yake, hata mke wangu, binti yake, amemlea hivyo hivyo.

Mgeni akafunga daftari. Wamama wakapiga makofi, wakidhani mambo yanaenda vizuri.

Eriki akaniinamia sikioni. "Mwalimu, hard haitaki mukia. Hardly maana yake ni karibu hakuna. Umesema mama hatumiki."

Ningeweza kunyamaza, lakini komande ilikuwa inaondoka. Nikamwambia mgeni kosa ni langu, she works hard, kisha nikageuka nikamweleza mama mukwe mbele ya wote nilichokuwa nimesema.

Akaniuliza: "Kwa hiyo umemwambia mimi ni muvivu, na hawa wakapiga makofi?"

"Ndiyo, mama."

Mama mukwe akaketi kwenye mashine, akachukua kitambaa kilichokwisha kukatwa, akashona mfuko mzima sisi wote tukitazama, akamkabidhi mgeni. Mgeni akavuta mishono kwa nguvu, haikuachia hata mmoja, akafungua tena daftari.

Komande wakapata, na maneno yaliyobaki aliyatafsiri Eriki. Darasani bado najiamini, na hard na hardly nazifundisha wiki ya kwanza kabisa, nikitaja na jina la aliyekosea. Lakini kumsemea mama mukwe, hapana, nimeapa: mgeni akifika kwake siku hizi, mimi naleta viti.