Ngoma Ambazo Babu Hakupiga

Mpaka leo, runinga ikionyesha kijiji chochote cha Afrika, ngoma huanza kudunda kabla hata mtu hajaonekana. Mimi hutafuta rimoti nikazima sauti. Watoto wangu hulalamika, nami huwaambia kwamba ngoma hizo tunajuana tangu utotoni, na kwamba ni za kipumbavu leo kama zilivyokuwa siku ile.

Babu yangu alikuwa mpigaji wa obokano, kinanda chetu kikubwa cha nyuzi chenye sauti nzito inayotetemesha kifua. Hakuna arusi karibu na Ekerenyo iliyomkosa. Katika kila wimbo alikuwa na mahali pa kumtaja mkewe: aliinamisha kichwa kushoto, akavuta pumzi, akaita, "Kwamboka!" Nyanya alijifanya hasikii, maana alikuwa Msabato wa kweli na nyimbo hizo zilihesabiwa kuwa za dunia. Lakini wimbo ulipofika hapo, sikuzote alikuwa na shughuli karibu.

Walikuja wageni na kamera, wakampiga picha za sinema uani akiimba. Waliporudi kuionyesha sinema yao shuleni, kaburi la babu lilikuwa limeshaota nyasi. Nyanya aliwahi kufunga na kumwombea binamu yangu mtu mzima kwa kosa la kuingia sinema Kisii mjini. Lakini siku hiyo alijifunga kitambaa chake cha kichwani cha Sabato, akanishika mkono.

"Twende, mjukuu wangu. Nataka kumsikia akiniita tena."

Madirisha ya darasa yalizibwa kwa mablanketi, na ndani palinuka jasho na moshi wa jenereta. Babu akatokea kwenye shuka iliyotundikwa ukutani, vidole vikitembea juu ya nyuzi, mdomo wazi. Tulichosikia ni ngoma. Ngoma! Babu hakugusa ngoma maishani mwake, wala zile hazikuwa za kwetu. Juu ya ngoma ikapanda sauti ya jibwana fulani likiongea kwa pua, likatutangazia kwamba mzee huyu mwenye furaha anasherehekea mavuno. Mavuno gani? Babu alikuwa akiona jembe anakumbuka safari.

Kwenye shuka, babu akainamisha kichwa kushoto. Nyanya akasimama.

"Kwamboka!" akaita kwa nguvu zake zote.

Mwonyesha sinema akafoka, "Mama, nyamaza watu wasikie!"

"Wasikie nini?" nyanya akamjibu. "Na huyu mmemziba mdomo!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilijua nyanya amerukwa na akili, kwa sababu ni nani mwenye akili timamu hujiita jina lake mwenyewe?

Ukubwani ndipo nilipoelezwa kwamba kamera ile haikuwa na masikio. Sauti ilimwagwa juu ya picha baadaye na mtu aliyekaa chumbani mbali sana; alichukua kanda ya ngoma yoyote iliyokuwa karibu na mkono wake, kisha akaenda kunywa chai. Hiyo nayo waliiita kazi. Sauti ya babu haikupotea kwao. Hawakuwahi hata kuichukua.

Na nyanya hakuwa amerukwa na akili. Mahali pa jina lake katika wimbo palikuwa panapita, na hakuwa amebaki mtu mwingine wa kumwita.