Mbabula Niliyoingiza Matangani

Niseme haki: mbabula ya makala, lile jiko la makaa, niliiingiza mimi. Tulikuwa mjini Baraka, kwenye matanga ya kaka yangu, mvua inanyesha, madirisha tumeyafunga. Taa ya petroli, yaani ya mafuta ya taa, ikaanza kufifia, kana kwamba mtu asiyeonekana anaipuliza. Vichwa vikatuuma. Shangazi akaanguka.

Nikamgeukia mjane wa kaka. "Shemeji, roho ya bwana yako iko hapa ndani. Sema ulimufanya nini."

Alilia tu. Watu wakaanza kumzunguka, ndipo jirani yetu muuguzi akasukuma mlango na kufungua madirisha.

"Petroli na makala vikiwaka vinamaliza hewa na kutoa gazi ya kaboni, ndiyo maana taa ilififia," akasema. "Makala inatoa na sumu ingine, haina harufu. Nani alileta hii mbabula?"

Wote wakanitazama. Shemeji alikuwa bado ameinamisha kichwa.